Karafuu za Bi Mkubwa

Vijana wangu, mnanicheka harusini, naona. Sahani ya pilau ikifika mbele yangu nachambua karafuu moja moja, naziweka ukingoni, ndipo naanza kula. Nanyi mnanong'onezana kwa Kizulu chenu mkidhani babu meno yamekwisha. Meno yangu mazima, alhamdulillahi. Karafuu zile zina mwenyewe, na leo nitawaambia ni nani.

Wazee wenu wengi waliokuja Johannesburg walifanya kazi mnazozijua: walilinda mageti, waliuza viatu, walisuka nywele, walishona. Mimi, Kassim wa Tanga, nilitunza dubu. Msitazamane hivyo. Dubu hasa, mwenye manyoya na kucha ndefu. Kule Tanga dubu tulimjua kwa picha ya kitabu cha shule tu, na walimu wetu wenyewe hawakuwahi kumwona. Mimi nikaja kumkuta huku, kaskazini ya Diepsloot, katika bustani ya wanyama ya tajiri mmoja aliyependa vitu vya mbali. Dubu huyo alizaliwa kwenye sarakasi. Sarakasi ikafa, wenyewe wakatawanyika, yeye akabaki kutafutiwa pa kuishi. Kibao cha nje kiliandikwa jina la Kizungu ambalo hakuna aliyelitumia. Mimi nilimwita Bi Mkubwa.

Jina hilo liliniponza nyumbani. Bibi yenu Mwanahawa alipolisikia mara ya kwanza aliweka mwiko chini, akashika kiuno. "Kama huyo ndiye bi mkubwa, mimi humu ndani ni nani? Bi mdogo?" Tangu siku hiyo nikichelewa kurudi alikuwa akiniuliza kama ilikuwa zamu ya mwenzake.

Bi Mkubwa nilimsemesha Kiswahili tangu mwanzo, kwa sababu ndiyo lugha inayonitoka nikiwa sijiangalii. Nyinyi mmezaliwa hapa, nikisema "njoo" mnanijibu "ngiyeza", eti mnakuja, na wala hamji. Bi Mkubwa naye alizaliwa hapa hapa, na nikimwambia "njoo" alikuja. Nikisema "kaa", alikaa chini na kulaza mikono juu ya tumbo. Nikisema "pole pole, mama" alipunguza papara ya kula. Msikasirike, nasema kilichokuwa.

Aliyenifundisha kazi ni Papa Kazadi, Mkongo wa Lubumbashi, mtu mfupi ambaye suruali yake ilikuwa na mstari wa pasi hata siku ya kuzoa kinyesi. Alitembea na kifuko cha majivu mfukoni. Kabla ya kusogelea banda lolote alinyunyiza majivu kidogo hewani, akayatazama yanakopeperukia, kisha akanigeukia.

"Leo unaikala wapi, weye? Mu pua yake ao inje ya pua yake?"

Ilinichukua muda kumwelewa. Alitaka kusema kwamba mnyama anaishi ndani ya pua yake kama sisi tunavyoishi ndani ya nyumba, na upepo ndio mlango. Upepo ukitoka kwako kwenda kwake, umeshaingia ndani, umekaa kitini, hata kama hajakuona. Ukitoka kwake kuja kwako, uko nje, hajui kama upo duniani. Kijana anayetaka kazi ya wanyama na ajifunze hilo kwanza, kabla hajashika hata ufagio. Mimi mpaka leo nikitoka mlangoni natazama moshi unakoelekea, na wala sina mnyama.

La pili alilonifundisha lilihusu mikono. Pale kazini palikuwa na mtu wa ndoo na mtu wa sindano. Mtu wa ndoo analisha, anasemesha, anasafisha. Mtu wa sindano ni daktari, anachanja, anatibu, anachoma usingizi. Kazi hizo mbili hazichanganywi katika mkono mmoja.

"Mutu ya ndoo hapana shika sindano," Papa Kazadi alisema, kidole juu. "Hata siku moja, Kassim. Nyama haisahau. Ukimuchoma mara moja, njo mwisho yako na yeye. Unasikia?"

Nilisikia. Na ilikuwa kweli kabisa, kwani daktari wetu, Dokta Naledi, mwanamke mpole wa Kitswana ambaye hakuwahi kumkaripia hata paka, akishuka tu kwenye gari lake Bi Mkubwa alinguruma na kukimbilia pembe ya mbali. Alimjua kwa harufu tangu getini. Naledi hilo lilimuuma. "Mimi ndiye ninayemponya, Ntate," aliniambia siku moja, Ntate kwao ni baba, "na wewe unayempa tikiti maji ndiye unayependwa. Eish." Tukacheka wote wawili, ila yeye alicheka kwa upande mmoja wa mdomo.

Sasa karafuu. Wiki zangu za mwanzo nilitoka msikitini Ijumaa moja nikaenda kazini moja kwa moja, kanzu ndani ya ovaroli, udi umenikolea, mafuta ya karafuu nyuma ya masikio. Mtu gani mwingine angeingia kwa dubu hivyo? Mkongo asingefanya, Mzulu asingefanya. Ni sisi tu watu wa pwani tunaodhani kila kiumbe kinafurahi tukinukia. Bi Mkubwa alinusa, akasimama kwa miguu ya nyuma, akaja mpaka kwenye nondo, akajisugua shingo, akajisugua mgongo, akatoa sauti nyembamba ambayo sikuwahi kuisikia. Nikapitisha leso yangu. Aliikumbatia, akabingirika nayo kwenye nyasi, na leso ile sikurudishiwa tena. Papa Kazadi alitazama yote, kisha akacheka mpaka akakaa chini na suruali yake ya pasi.

Baadaye daktari alinieleza kwamba dubu wengi wanapenda harufu kali, na viungo vya jikoni ni dawa ya uchovu wao wa kufungiwa. Kuanzia hapo kila Ijumaa nilimpelekea punje chache za karafuu kwenye gogo. Alikuwa akiningoja. Nilijiona mtu mwenye bahati, niseme ukweli, kwa sababu katika jiji hili ambalo mtu anaweza kupitisha mwaka mzima bila kusubiriwa na yeyote barabarani, kulikuwa na kiumbe kikubwa kuliko mlango kilichojua Ijumaa yangu.

Siku ninayotaka kuwasimulia ilikuwa ya masika ya huku, Januari, siku ya harusi ya mtoto wa shemeji yangu pale Mayfair. Papa Kazadi alikuwa amekwisha rudi kwao Lubumbashi kupumzika. Mchana ilipiga radi ile ya Johannesburg inayokuja ghafla na kuondoka ghafla, na tulikuwa tumeanza tu kupakua chakula simu ikalia. Dokta Naledi. Mkaratusi mkubwa umeangukia uzio. Bi Mkubwa ametoka.

"Yuko wapi?"

"Ameshuka kwenye vlei. Tumemwona mara mbili. Nikisogea tu anakimbia, Ntate. Ananinusa."

Vlei ni yale mabonde ya majani yenye maji mnayoyaona mkipita kaskazini, kijani kizuri kwa mbali, ukikanyaga unazama mpaka gotini. Upande mmoja wa vlei ile, baina yake na bustani ya wanyama, kuna barabara ya lami inayojaa magari ya watu wanaorudi Diepsloot jioni. Upande wa pili kuna vijia ambavyo watu hao hao wanapita kwa miguu kwenda kwenye vibanda vyao. Katikati ya wanaorudi nyumbani kulikuwa na dubu.

Mwanahawa alinisikia nikiongea na simu. Hakuuliza mengi. Alichukua ndoo safi ya jikoni, akaijaza pilau kutoka sufuria ya wanawake, pilau lenye karafuu nyingi la kwao, akanitia mkononi. "Mpelekee mwenzangu," alisema. "Asife na njaa huko." Nikaingia kwenye gari la shemeji na kanzu yangu nyeupe, shali begani, ndoo mapajani. Tukisimama kwenye robot, taa za barabarani za huku, madereva wa pembeni walinusa pilau na kututazama.

Tulifika jua limeshashuka juu ya majani. Askari walikuwepo, na wenye mashamba ya farasi walikuja na bunduki zao za kweli. Hawakuwa watu wabaya. Mmoja wao alinisalimia vizuri, akanionyesha magharibi kwa kidevu. "Mzee, mwanga ukiwepo ni kazi yenu. Giza likiingia na yule mnyama bado anatembea, sisi tutaingia. Kuna watoto kule." Nikaitikia kwa kichwa. Kulikuwa na watoto kweli.

Dokta Naledi alinivuta kando ya gari. Mkononi alikuwa na bunduki ya sindano, ile inayorusha dawa ya usingizi, nami nilijua kabla hajafungua mdomo.

"Hapana, dokta," nilisema.

"Mimi hataniruhusu nimkaribie. Nimejaribu mara mbili, nimezidi kumsukuma kwenye vibanda."

"Basi nimwongoze kwa ndoo mpaka nyumbani."

"Avuke barabara? Na magari haya?"

Nikatazama taa za magari, mstari usiokatika. Nikatazama wale wenye bunduki. Nikaichukua. Alinionyesha jinsi ya kulenga, begani penye nyama, si makalioni penye mafuta, na akanishika kiwiko kama anayemshika mfiwa. "Ntate, jambo moja. Usimpige karibu na maji. Dawa inachukua muda kumkamata. Akichanganyikiwa atakimbilia majini, alale humo, azame. Mtoe kwanza pakavu." Kisha, kwa kuwa harufu yake ingeharibu kila kitu, akarudi ndani ya gari lake na kufunga vioo.

Niliingia peke yangu. Kanzu nimeikunja mpaka kiunoni na kuifunga fundo, viatu nimeviacha kwa shemeji. Sasa sikilizeni, haya hayako shuleni. Kwenye majani maji usikanyage penye kijani kinachong'aa, hapo hapana chini. Kanyaga kwenye vishungi vya nyasi, jaribu kwanza kwa kidole gumba, kisha tia uzito. Usimwendee mnyama moja kwa moja, nenda kama mtu mwenye safari yake nyingine. Na kama humwoni, sikiliza vyura. Baada ya mvua vyura wa vlei wanaimba bonde zima, ila pale alipo mnyama mkubwa wananyamaza. Wewe nenda kwenye ukimya.

Sijui niwaelezeje ile jioni. Hewa ilikuwa imeoshwa. Moshi wa majiko ya Diepsloot ulilala juu ya majani, mwembamba, wa rangi ya waridi, ukachanganyika na mvuke wa maji mpaka sikujua kipi ni kipi. Ndege weusi wenye mikia mirefu walikuwa wakirudi kulala, wakiruka kwa shida na mikia ile iliyolowa. Kwa mbali honi, redio ya mtu, mwanamke akiita mtoto aingie ndani. Mimi na kanzu yangu ya harusi na ndoo yangu ya pilau tulikuwa tukielea katikati ya hayo yote. Nilihisi nimeota safari hii zamani, utotoni Tanga, nikaisahau, na sasa naikumbuka nikiwa ndani yake. Sikuogopa. Nilitamani tu njia iwe ndefu zaidi na jua lisimame.

Vyura walinyamaza upande wa matete.

Alikuwa amesimama ndani ya maji mpaka tumboni, akipigapiga uso wa maji kwa mkono, anatazama mawimbi yanavyokwenda. Alikuwa akicheza. Maisha yake yote hakuwahi kuwa na maji yasiyo na ukuta. Nikasimama nikamwacha acheze kidogo, na hicho kidogo sijutii hata leo.

Kisha nikatafuta upepo. Kwa mara ya kwanza katika kazi yangu sikuhitaji kukaa nje ya pua yake, nilihitaji kuingia. Nikazunguka mpaka kwenye mwinuko mmoja mkavu, kichuguu cha kale kilichoota nyasi fupi, mbali na matete, nikaweka ndoo, nikafunua. Upepo ukaichukua karafuu ya Mwanahawa na udi wa harusi, ukampelekea. Nikaigonga ndoo kwa pete. "Njoo, Bi Mkubwa. Njoo, mama."

Alikuja. Alitoka majini akitiririka, hakunguruma, hakusita. Alikuja akitoa ile sauti nyembamba ya siku ya leso. Akanipita karibu kiasi cha kunilowesha, akajisugua bega kwenye kanzu yangu, akatia kichwa ndani ya ndoo. Nikarudi nyuma hatua chache. Niliinua bunduki, nikamwambia "pole pole, mama," kama nilivyomwambia kila siku, nikapiga.

Aliinua kichwa, wali puani. Akaitazama sindano begani. Kisha akanitazama mimi, na bunduki, na mimi tena. Nimetazamwa na watu wenye hasira maishani. Hii haikuwa hasira. Alikuwa anatafuta nani mwingine amefanya, na hapakuwa na mwingine.

Akageuka kuelekea majini. Dawa ilikuwa imeshaanza, miguu ya nyuma inapishana. Nikatupa bunduki, nikakimbia nikasimama baina yake na matete, mikono wazi, kanzu imefunguka inapepea. Kama angetaka angenipitia kama pazia. "Kaa," nilimwambia. "Kaa, Bi Mkubwa wangu. Kaa chini."

Na akakaa. Hilo ndilo linalonirudia. Nimemchoma dakika hiyo hiyo, sindano bado inaning'inia begani, na bado aliisikia sauti yangu akaiamini. Alikaa akalaza mikono juu ya tumbo kama alivyozoea, akayumba, akaegemea upande, akalala. Nilivua shali nikamfunika macho, ndivyo inavyotakiwa, mwanga usimsumbue. Nikakaa kando yake mkono wangu juu ya mbavu zake zikipanda na kushuka. Vyura wakaanza tena, mmoja, kisha wengine, kisha bonde lote, na taa za wale wenye bunduki zikaanza kuja taratibu zikiwa zimeelekezwa chini.

Niliporudi nyumbani Mwanahawa alikuwa mlangoni na nguo zake za harusi.

"Mwenzangu yuko hai?"

"Yuko hai."

"Sasa mbona unalia?"

Nikamnyooshea ndoo. Aliichukua mkononi mwangu akaiosha mwenyewe.

Asubuhi nilikwenda kwenye banda. Upepo ulikuwa unatoka kwangu. Alinguruma kabla sijaonekana, na nilipotokea alikuwa ameshakwenda pembe ya mbali, ile ile ya Dokta Naledi, mgongo kwangu. Nilimwita kwa majina yote. Ijumaa nikaweka karafuu kwenye gogo kama kawaida. Alizinusa, akapiga chafya, akazisukuma kwa mkono mpaka zikaanguka kwenye kidimbwi cha bandani. Nikajua kwamba nimemwondolea vitu viwili kwa pigo moja, mimi na karafuu zake. Daktari alikuja akasimama kando yangu, hakusema pole. Alisema tu, "Karibu kwenye pembe yangu, Ntate."

Nilimpigia simu Papa Kazadi nikamweleza. Alinisikiliza yote. "Na miye ningemupiga," alisema mwishowe. Kisha akaniuliza habari za mvua.

Ndoo nilimpa Sibongile, dada mmoja wa Diepsloot aliyekuwa akifagia upande wa ndege. Nilimfundisha yote: majivu, vishungi, vyura, na mikono miwili isiyochanganywa. Nilimfundisha na maneno pia, kwa kuwa Bi Mkubwa hakujua lugha nyingine. Mngemsikia yule Mzulu akisema "pole pole, mama" mngeona aibu kidogo, nyinyi mnaosema hamwezi. Mimi nikahamia kwa pundamilia na swala, kazi nzuri, nikaifanya miaka mingi. Kila siku nilipopita nilizunguka nyuma ya ukuta, njia ndefu, nisimwingie puani.

Siku yangu ya mwisho kazini waliniandalia keki na soda. Nikaaga, nikavua ovaroli. Kabla ya kutoka nilirusha majivu kidogo hewani, nikaenda kusimama nyuma ya ukuta wa banda lake, upande ambao upepo unatoka kwake. Alikuwa mzee, amenenepa, manyoya ya kidevuni meupe. Sibongile akagonga ndoo. "Njoo, Bi Mkubwa!" Alinyanyuka akaja mbio, akirusha maji ya kidimbwi chake huku na huku, na kile kisauti chembamba. Nilitaka sana nimwite, hata mara moja. Nikafunga mdomo, nikabaki pale pale nje ya pua yake, ili ale kwa raha.